Chai Juu, Mkonge Chini: Upepo wa Bahari na Historia ya Mvua Korogwe na Handeni

Wilaya ya Korogwe inalima mazao mawili ya biashara yanayotaka hali ya hewa tofauti kabisa. Juu kwenye Milima ya Usambara, pande za Ambangulu, Dindira na Bungu, yako mashamba ya chai, zao lisilovumilia kiu. Chini bondeni, Ngombezi, Magunga na Hale, umetanda mkonge, zao lililoletwa nchini kwa sababu linavumilia ukame. Ukivuka Mto Pangani kwenda kusini unaingia Handeni, nchi ya Wazigua, ambako mkulima akipanda mahindi hana hakika kama yatabeba kabla jua halijayakausha. Sehemu zote hizo tatu zinatazama Bahari ya Hindi ile ile. Ikiwa maji ya mvua hutoka baharini, na ikiwa bahari haiko mbali na yeyote kati yao, kwa nini mmoja apewe na mwenzake anyimwe? Jibu ninalolitetea katika makala haya ni kwamba nyanda hizi hazijawahi kupungukiwa na mvuke wa maji angani. Zinachokosa ni kitu cha kuuinua mvuke huo hadi ugeuke mvua. Tofauti hiyo, inayoletwa na upepo na mlima, imeongoza historia ya Korogwe na Handeni kwa karne mbili na zaidi: mahali watu walipojenga, miaka waliyokimbia njaa, mazao waliyopanda na mabomba wanayoyategemea leo.

Tuanze na mvuke wenyewe. Kila mwaka jua huvukiza kutoka katika bahari zote za dunia zaidi ya kilomita za ujazo 400,000 za maji. Takriban sehemu tisa kati ya kumi za maji hayo hunyesha hukohuko baharini. Ziada inayobebwa na upepo hadi nchi kavu ni kama kilomita za ujazo 40,000 tu. Hata hivyo mvua yote ya mabara inazidi 110,000 kwa mwaka, kwa sababu maji yaliyokwisha kunyesha huvukizwa tena na udongo, maziwa na majani ya mimea, kisha yakanyesha kwa mara nyingine mbele ya safari. Kwa wastani mvuke hukaa angani siku nane hadi kumi kabla haujashuka. Ndani ya siku hizo upepo huweza kuusafirisha maelfu ya kilomita, na hewa yenye joto hubeba mzigo mkubwa zaidi: kila nyuzi moja ya Selsiasi ikiongezeka, uwezo wa hewa kubeba mvuke hupanda kwa karibu asilimia 7. Lakini mzigo huo haushuki kwa sababu tu umefika juu ya nchi fulani. Sharti hewa ipande. Ikipanda hutanuka, ikitanuka hupoa, na ikipoa hushindwa kuushika mvuke wake. Hapo ndipo wingu hufanyika na matone kuanguka. Hewa isiyopanda hupita na maji yake kichwani mwa mkulima bila kumwachia hata tone.

Watu wa pwani yetu waliujua mwendo wa pepo hizi kabla ya kuwapo kipimo chochote cha maabara. Mabaharia wa Pangani, Tanga na Saadani walipanga safari zao kwa kaskazi na kusi: kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, iliwaleta wageni kutoka Arabuni na Ghuba, kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba, iliwarudisha. Mwaka 1686 mwanasayansi Mwingereza Edmond Halley alichapisha ramani ya pepo za bahari za kitropiki, Bahari ya Hindi ikiwemo, akaeleza kwamba joto la jua ndilo linaloisukuma hewa. Maelezo yake yalikuwa na kasoro, na mwaka 1735 George Hadley aliyarekebisha kwa kuingiza mzunguko wa dunia katika hesabu, lakini msingi ulikuwa umewekwa: upepo wa msimu hutokana na tofauti ya joto kati ya bahari na nchi kavu, na kati ya kaskazini na kusini mwa dunia. Elimu ya mabaharia na elimu ya Halley zilikutana hapo. Swali ambalo halikuwa na jibu kamili upande wowote lilikuwa la mkulima: kwa nini upepo uleule unaojaza tanga usijaze shamba?

Jibu lake lilichelewa hadi karne ya 20. Mwaka 1969 mtaalamu wa hali ya hewa Mwingereza, John Findlater, aliyekuwa amechambua vipimo vya upepo vya Afrika Mashariki, alichapisha maelezo ya mkondo mkubwa wa upepo wa kasi unaopita chini, takriban kilomita moja na nusu kutoka usawa wa bahari, katika miezi ya Juni hadi Septemba. Mkondo huo huanzia kusini mwa Bahari ya Hindi, hukaribia pwani yetu, hufuata ukingo wa mashariki wa nyanda za juu za Afrika, huvuka ikweta juu ya Kenya, hutokea Somalia na kuelekea Uarabuni na India. Ndio unaopeleka sehemu kubwa ya mvuke wa mvua za India. Kwa hiyo wakati wa kipupwe, Handeni inapokuwa kavu na vumbi likitimka barabarani, maji mengi mno yanapita angani jirani yake. Hayashuki, kwa sababu upepo huo unakimbia sambamba na pwani badala ya kuingia bara moja kwa moja, unazidi kasi kadiri unavyokwenda kaskazini, na hewa inayokimbia namna hiyo hutawanyika, haijikusanyi na kupanda. Kaskazi nayo ina upungufu wake: hutoka nchi kavu za Arabuni na kupita kando ya Somalia, ikafika kwetu ikiwa na mvuke haba. Ndiyo maana nyanda hizi hupata mvua hasa katika vipindi viwili vya mpito, vuli na masika, pale ukanda wa mvua unapopita juu yetu kulifuata jua, pepo zinapokutana, na hewa inapolazimika kupanda hata pasipo mlima.

Penye mlima, hesabu inabadilika. Usambara Mashariki iko chini ya kilomita 60 kutoka baharini, nayo hupanda ghafla kutoka uwanda hadi zaidi ya mita 1,000. Upepo kutoka kusini-mashariki ukifika hapo hauna pa kupita ila juu. Amani, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 900, hupata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka, na hakuna mwezi inapokauka kabisa. Mji wa Korogwe, ulio chini ya milima, hupata kama nusu yake zaidi kidogo, na sehemu kubwa ya nyanda za Handeni hupata pungufu ya hapo tena kwa kuyumbayumba: mwaka huu ya kutosha, mwaka ujao nusu. Nyuma ya Usambara, katika bonde la Mkomazi linaloelekea Same, upepo uliokwisha kutua mzigo wake hushuka ukiwa mkavu, na mvua haifiki hata milimita 700. Chai ya Ambangulu na mkonge wa Ngombezi ni vielelezo vya tofauti hiyo. Handeni haina ukuta wa namna hiyo mbele yake. Milima ya Nguu iko magharibi zaidi, upande wa Kilindi, kwa hiyo upepo unaotoka Pangani na Saadani huvuka uwanda mzima wa Mkata na Kabuku bila kukutana na kizuizi cha maana.

Wenyeji wa milimani walijenga dola juu ya tofauti hiyo. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu ufalme wa Washambaa, ameonyesha jinsi watu hao walivyoigawa nchi yao katika sehemu mbili: milimani, kwenye mvua na migomba, na nyika, penye joto, ukame na maradhi. Vijiji vingi vilijengwa karibu na kingo za mlima ili familia ilime juu na chini kwa pamoja, mvua ya upande mmoja ikikosekana upande wa pili usaidie. Mfalme wao aliyekaa Vugha, wa ukoo wa Kilindi, alihesabiwa kuwa na nguvu juu ya mvua yenyewe. Utawala wake ukitulia, nchi ilisemwa kupona. Watawala wakigombana, nchi iliharibika na njaa ikaingia. Kimweri ye Nyumbai, aliyetembelewa na mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1848 na 1852, aliutawala ufalme huo katika kilele chake. Ni kosa kuyaona mawazo hayo kuwa ni ushirikina mtupu. Yalibeba uchunguzi sahihi kwamba mlima ndio hazina ya maji, na kwamba anayeushika mlima ana chakula cha kumgawia jirani wa nyikani mwaka wa shida.

Huko nyikani Wazigua walilipa gharama ya kukosa mlima. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, hasa miaka ya 1830, ukame na njaa viliipiga nchi yao kiasi kwamba familia nyingi zilishuka pwani kutafuta chakula. Wengi waliishia utumwani, na baadhi walisafirishwa kwa majahazi hadi pwani ya Somalia. Jahazi la kutoka kwetu kwenda upande huo lilisubiri upepo wa kusi, uleule unaopita pembezoni mwa Uzigua bila kuinyeshea. Walioweza kutoroka mashamba ya watumwa walijenga vijiji kando ya Mto Juba, wakahifadhi Kizigua chao vizazi kwa vizazi. Vita vya Somalia vya miaka ya 1990 viliwarudisha wajukuu wao kama wakimbizi, na tangu mwaka 2003 sehemu yao waliwekwa katika makazi ya Chogo, wilayani Handeni, ambako wengi wamepata uraia wa Tanzania. Safari ya watu hao ni ushahidi mzito kuliko takwimu yoyote kwamba mvua isiyotabirika ya nyanda hizi ni jambo la zamani.

Wakoloni wa Kijerumani walikuja na mahesabu yao na kufundishwa somo lilelile. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, ikifuata miguu ya milima. Walowezi walikimbilia kwanza Usambara Mashariki kupanda kahawa, wakiamini kwamba msitu mnene na mvua nyingi ni dalili ya udongo wenye rutuba. Kahawa iliwashinda, kwa maana mvua nyingi ya karne na karne huosha virutubisho vya udongo, na rutuba ya msitu ule ilikuwa ndani ya miti yenyewe. Zao lililowatajirisha lilitoka upande wa pili kabisa: mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida, na miche 62 tu iliyonusurika safari ndiyo iliyoanzisha tasnia nzima. Mkonge ulistawi bondeni kwa sababu haukudai kile ambacho upepo haukukitoa. Mwaka 1902 ilianzishwa taasisi ya utafiti wa kilimo na baiolojia huko Amani, na upimaji wa mvua katika vituo vya eneo hilo ukaanza kuthibitisha kwa milimita yale ambayo Washambaa waliyajua kwa migomba.

Hapa yupo msomaji atakayepinga: ukame wa Handeni umeletwa na mkaa na ukataji wa miti, na tukipanda miti mvua itarudi. Hoja hii ina ukweli ndani yake, lakini imebebeshwa zaidi ya uwezo wake. Kwanza, njaa ya miaka ya 1830 ilitokea kabla ya lori la kwanza la mkaa kwenda Dar es Salaam, wakati watu walikuwa wachache na mapori yamejaa. Pili, mti hurudisha angani maji ambayo tayari yamenyesha, na faida ya kuyarudisha huonekana mbele ya njia ya upepo. Handeni iko karibu na bahari, na hewa inayoifikia imepita juu ya nchi kavu kwa muda mfupi, kwa hiyo mvuke wake kwa sehemu kubwa ni wa bahari. Anayepanda miti Handeni huenda anamsaidia zaidi mkulima wa Kiteto, aliye nyuma yake katika safari ya upepo. Wako wanasayansi wanaokwenda mbali zaidi: mwaka 2007 Warusi Anastassia Makarieva na Victor Gorshkov walidai kwamba misitu yenyewe huuvuta upepo wa bahari kuingia bara, dai ambalo bado linabishaniwa vikali. Lakini hata tukiliweka kando, msitu wa milimani una kazi isiyobishaniwa. Matawi yake hunasa ukungu ambao usingekuwa mvua, na mizizi yake huyatoa maji polepole hadi mito isikauke kiangazi. Kumwambia mkulima wa Handeni kwamba yeye ndiye aliyeifukuza mvua ni kumtwisha lawama isiyo yake. Kumwambia kwamba msitu hauna maana ni hatari kubwa zaidi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linatoka kwa wanahistoria. James Giblin, katika utafiti wake wa mwaka 1992 kuhusu mazingira na utawala katika Uzigua kati ya 1840 na 1940, ameonyesha kwamba njaa kali za zama za ukoloni hazikuletwa na ukame peke yake. Zamani wakubwa wenye mali waliweka akiba ya nafaka na kuwalisha wafuasi wao. Kodi, amri na vita vya ukoloni vilivunja mtandao huo, mapori yakasonga, mbung'o wakaenea na ng'ombe wakafa. Naikubali hoja hiyo yote. Naongeza tu kwamba haiufuti upepo. Upepo huamua mwaka gani utakuwa mbaya. Jamii huamua nani atakufa njaa mwaka huo. Hata ufalme wa Vugha unathibitisha: baada ya Kimweri kufa, mwanawe Semboja alijiimarisha Mazinde, chini nyikani kwenye njia ya misafara, akapata bunduki na utajiri mahali pasipo mvua. Biashara iliweza kuushinda mlima kwa muda, lakini vita vilivyofuata viliwaacha watu wa milimani na nyikani pia bila msaada walipouhitaji.

Kipindi chetu kimeongeza ushahidi mwingine. Mwaka 1999 watafiti walieleza kwa mara ya kwanza jinsi joto la Bahari ya Hindi linavyoyumba kama mizani: magharibi, upande wetu, ikipata joto kuliko mashariki, upande wa Indonesia, pepo hugeuka, mvuke mwingi husukumwa kwetu, na vuli hufurika. Ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa 1961, Tanganyika ikipata uhuru katikati ya mvua kubwa zilizofuata ukame, na Ziwa Victoria likaanza kupanda kwa zaidi ya mita mbili katika miaka iliyofuata. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1997, na tena mwaka 2019, ambapo mafuriko ya Oktoba yaliua watu na kukata barabara mkoani Tanga, Handeni na Korogwe zikiwemo. Mwaka huohuo wa 2019, miezi saba nyuma, masika yalikuwa yamechelewa: kimbunga Idai kilichopiga Beira, Msumbiji, katikati ya Machi kilikuwa kimeuvuta unyevu kuelekea kusini. Mwaka 2021 mizani ilielemea upande mwingine, vuli ikashindwa, na mifugo mingi ikafa kaskazini-mashariki mwa nchi. Wilaya ileile, udongo uleule na miti ileile, lakini mafuriko na ukame vikafuatana ndani ya miaka miwili. Kilichobadilika ni njia ya mvuke.

Kutokana na hayo, historia ya maji ya Handeni inaeleweka kwa namna mpya. Katika miaka ya 1970 serikali ilijenga mradi mkubwa wa bomba la Handeni, maarufu kwa jina la HTM, unaochota maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma hadi vijiji vya Handeni. Mradi huo ulichakaa, mitambo ikazeeka na watu wakaongezeka, na sasa mradi wa miji 28, unaogharamiwa kwa mkopo kutoka India, umekusudiwa kuleta maji ya mto huohuo Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani. Mto Pangani hukusanya maji ya Kilimanjaro, Meru, Upare na Usambara, yaani mvua ambayo milima hiyo imeitoa katika upepo. Bomba la Handeni kwa hakika ni njia ya kumrudishia mkazi wa uwanda maji yaliyompita hewani. Maji hayohayo hugombaniwa na wakulima wa umwagiliaji wa juu, wafugaji, na mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu, Hale na Maporomoko ya Pangani.

Ikiwa hoja hii ni sahihi, mambo matatu hayana budi kufuata. Msitu wa Ambangulu na wa Magamba ni mali ya mkazi wa Mkata na Kabuku sawa na ilivyo ya mkazi wa Lushoto, na Halmashauri ya Handeni ina haki na wajibu wa kuuchangia ulinzi wake. Malambo na matangi ya kuvuna maji yachimbwe na kujengwa kabla ya vuli na masika, kwa kuwa nyanda zisizo na mlima hupata maji yake kwa mikupuo na mkupuo ukipita umepita. Na taarifa za msimu za Mamlaka ya Hali ya Hewa zimfikie mkulima mapema, katika lugha anayoielewa, pamoja na mbegu za mtama na muhogo kwa miaka ambayo bahari imekwisha kuonyesha dalili mbaya. Upepo hatuwezi kuuamuru. Lakini miezi yake tunaijua na milima inayouzuia tunayo. Uongozi utakaopanga maji ya Handeni bila kuihesabu milima ya Korogwe utajenga mabomba yasiyo na maji, na wananchi wana haki ya kuukataa mpango wa namna hiyo tangu siku unapowasilishwa.